Chumba cha kasa: mkono wa mtoto ufanye nini?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Mafia. Serikali ya kijiji imetupa chumba karibu na diko la wavuvi, kama mita 5 kwa 6, tuwafundishie watoto wa miaka 4 hadi 8 habari za kasa. Tumechangisha shilingi milioni mbili na nusu. Wenzangu kwenye kamati wanataka tununue televisheni kubwa, tuweke beseni la vifaranga hai, na tubandike picha za kasa waliochinjwa ili watoto waone ubaya wake. Mimi nataka vitu vya kushika, lakini kila nikichora naishia kwenye vibao vya kufunua na kusoma, na nusu ya watoto wangu hawajui kusoma. Tena wazazi wengi ni wavuvi wa nyavu za jarife, sitaki kugombana nao. Nianzie wapi? Na zile picha tuziweke au tuziache?"

Mwalimu, nimelisoma swali lako mara mbili na sioni kwamba hofu yako ni fedha. Unaogopa kujenga chumba ambacho watoto watakishangilia wiki moja, watavunja kila kitu, na watatoka humo wanajua kasa ana gamba, basi. Hofu hiyo ina msingi. Mimi mwenyewe nimewahi kujenga chumba cha namna hiyo.

Miaka ya nyuma nilitengeneza gurudumu la plaiwudi, upana mita moja, lenye picha za wanyama kumi na wawili. Mtoto analizungusha, mshale unasimama kwa mnyama fulani, kisha anafunua kidirisha na kusoma mnyama huyo anaishi wapi na nani anamwinda. Siku ya kufungua watoto waligombania gurudumu. Nilikaa pembeni kwenye kigoda na daftari langu saa nzima, sikuona hata mmoja akifunua kidirisha. Walikuwa wanashindana nani atalizungusha lichelewe kusimama. Siku ya tatu ekseli ikakatika. Nikasema watoto wa siku hizi watundu. Baadaye sana ndipo nikakubali kwamba walikuwa wamejifunza kila kitu ambacho gurudumu lile lilikuwa likifundisha, yaani kwamba gurudumu huzunguka.

Hilo ndilo linalokurudisha kwenye vibao vya kufunua. Tumezoea kuona kushika kama chambo cha kumvuta mtoto, na somo lenyewe tumeliweka kwenye maandishi. Kwa mtoto wa miaka mitano mambo yako kinyume: somo ni kile mkono wake ulichofanya. Jean Piaget, yule Mswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza watoto wanavyofikiri, alieleza kwamba mtoto wa umri huo hufikiri kwa vitu alivyo navyo mbele yake, si kwa kanuni. Ukimwambia "kasa yuko hatarini kutoweka" hana pa kuliweka neno hilo. Ukimpa shimo la mchanga na mayai, anapo.

Kwa hiyo kila ukichora meza, futa maandishi yote kwenye mchoro, halafu jiulize: mkono wa mtoto unafanya nini hapa, na kitendo hicho kinafanana na jambo gani katika maisha ya kasa? Kama jibu ni "anafunua" au "anabonyeza", irudishe meza hiyo kwenye daftari. Kasa hafunui wala habonyezi.

Katika chumba chako ningeweka meza nne, zisizidi. Nianze na kiota, kwa sababu ndicho kitakachowashika watoto muda mrefu kuliko vyote.

Tengeneza sanduku la mbao la mita moja na nusu kwa moja, kina sentimita 40, ulijaze mchanga mkavu. Mtoto anavishwa soksi nene mikononi, mpaka kwenye kiwiko, vidole visifanye kazi. Sasa achimbe. Kasa jike akipanda ufukweni usiku hana vidole. Anachimba shimo la mayai kwa mapezi ya nyuma, moja baada ya jingine, tena bila kuliona shimo lenyewe kwa sababu liko nyuma yake. Mtoto akihangaika dakika mbili na soksi zake, mchanga ukiporomoka kila anapoutoa, amekwisha kujua kwa nini kasa aliyeshtuliwa na tochi au kelele huacha kazi na kurudi baharini bila kutaga. Hapo ndipo na wewe unaposema sentensi yako moja. Usiseme kabla.

Baada ya shimo, mayai. Kasa wa kijani hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja, na kila moja lina upana wa sentimita 4 na nusu hivi. Wawekee mayai ya bandia mia kamili kwenye kikapu wayahesabu wakiyatumbukiza. Wa miaka minne watachoka ishirini na kitu, na uchovu huo nao ni somo. Wengi hutumia mipira ya tenisi ya meza kwa kazi hii. Mimi nakukataza. Mpira ule una sentimita 4, na mdogo wa mtu, wa miaka miwili, ambaye lazima ataletwa mgongoni mwa dada yake, anaweza kuupachika kooni. Waombe kina mama washone vifundo vya kitambaa cheupe vya sentimita 5, wavijaze mabaki ya nguo. Vitabonyea kidogo mkononi, na hapo ndipo vinapofanana na yai la kasa hasa, kwa sababu yai lake si gumu kama la kuku. Lina ngozi laini.

Tahadhari mbili kuhusu sanduku hilo. Likijaa litakuwa na uzito wa karibu tani moja, kwa hiyo likae kwenye sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi, si kwenye sakafu ya mbao. Na lifunikwe kila jioni kwa mfuniko wa plaiwudi, kwa sababu ya paka. Paka wa diko akiona mchanga mkavu uliochekechwa anadhani mmemjengea choo, na kinyesi chake kina minyoo na vijidudu vinavyodhuru watoto. Mchanga uchekechwe kila asubuhi. Na tafadhali msiuchote kwenye ufukwe wanakotaga kasa. Itakuwa kichekesho kibaya.

Meza ya pili si meza, ni kona yenye giza. Tundikeni kanga mbili tatu nzito kwenye kona ya chumba, na chini mtandike mkeka. Upande mmoja wekeni taa hafifu nyuma ya kitambaa cha buluu: hiyo ni bahari. Upande wa pili wekeni taa kali yenye swichi ukutani, kimo cha mtoto: huo ni mji. Kifaranga akitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi ulio chini upeoni, akiipa mgongo miti iliyo nyuma ya ufukwe. Tangu dunia ya kasa ianze, upande huo umekuwa bahari. Siku hizi mara nyingi ni taa ya hoteli au ya kibaraza, na kifaranga hutambaa kuelekea nchi kavu mpaka jua linamkuta huko, au kaa na kunguru wanamwahi.

Mtoto anatambaa kwa tumbo kutoka katikati ya mkeka. Mwambie neno moja tu: "Fuata penye mwanga." Atakwenda mjini. Wenzake watapiga kelele. Halafu mtu azime swichi, naye atambae tena. Utaona jambo ambalo televisheni haiwezi kulifanya: watoto watagombania kuzima taa. Swichi ile si kitufe cha kuchezesha picha. Ni kitendo chenyewe kinachookoa kasa, na nyumbani kwao iko nyingine ya namna hiyo. Mtoto wa miaka mitano hana uwezo wa kuzuia meli wala kutunga sheria, lakini kuzima taa ya baraza inayotazama ufukwe anaweza. Ukinibana nikuchagulie kona moja tu ya kujenga kwa fedha zote, ningekuchagulia hii, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Meza ya tatu ni ya jarife, na hapa ndipo penye wazazi wako. Jarife lina macho makubwa, hutegwa kwa ajili ya papa na wale samaki bapa waitwao taa, na kasa hunasa humo bila mtu kumkusudia. Watu wengi, hata wakubwa wa pwani, husahau kwamba kasa hupumua hewa kama sisi. Akinasa chini hafi kwa jeraha. Anazama, kwa sababu hawezi kupanda juu kuvuta pumzi. Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 40 kwa 40 uifume kwa kamba nene ya pamba. Mtoto anaingiza mkono wenye soksi, anaugeuza mara mbili, kisha anajaribu kujinasua bila kutumia mkono wa pili. Hawezi. Mwenzake, ambaye leo ndiye mvuvi, anamnasua.

Hilo la mwisho usiliondoe hata kamati ikuambie nini. Ukijenga meza ambayo kasa ni mwema na jarife ni jini, mtoto atarudi nyumbani akamtazame baba yake kwa jicho jingine, na wiki ijayo baba hatamleta, na atakuwa na haki. Mfanye mvuvi awe mkono unaonasua. Si uongo wa kupamba pia. Watamu, Kenya, shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997, lina utaratibu wa mvuvi aliyenasa kasa kwa bahati mbaya kupiga simu ili kasa achukuliwe akiwa mzima, naye hupewa kiasi kidogo cha kufidia usumbufu. Muombe mvuvi mmoja anayeheshimika aje awafume watoto fremu hiyo mwenyewe. Bora zaidi akiwa mzee anayekumbuka habari za kuvua kasa kwa chazo, yule samaki wa kunata aliyefungwa kamba mkiani. Watoto watamsikiliza kuliko mimi na wewe.

Usalama wa meza hiyo: macho ya wavu yawe ya sentimita 7, ngumi ipite na kichwa kisipite, na usitumie nailoni ya uvuvi kwa sababu inakata vidole. Wala usiwaambie watoto wabane pumzi "kama kasa". Watashindana.

Meza ya nne ni ya kupapasa tu. Kusanyeni malapa yaliyotupwa na maji ufukweni, yaoshwe, yakatwe, mtengeneze migongo miwili mikubwa: wa kasa wa kijani, magamba yamekaa ubavu kwa ubavu kama sakafu ya vigae, na wa ng'amba, aina nyingine ya kasa, magamba yamepandana kama makuti kwenye paa. Mtoto akipitisha kiganja kutoka mkiani kwenda kichwani, kwa ng'amba kitakwama, kwa kasa wa kijani kitateleza. Ukiwa na mtoto asiyeona darasani, hapa ndipo atakapowafundisha wenzake. Kule Lamu walijenga jahazi zima kwa taka za plastiki, Flipflopi, wakalivisha malapa na mwaka 2019 likaenda mpaka Zanzibar, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba malapa hayatoshi. Meza hii pia itakusaidia kufuta makosa mawili ambayo kila mtoto huja nayo: kwamba kasa anaweza kuvua gamba lake kama koti (limeungana na uti wa mgongo na mbavu), na kwamba huficha kichwa ndani kama kobe (hawezi).

Utajaribiwa kuongeza meza ya mifuko ya plastiki, kasa anadhani ni konyeza, yule kiumbe laini wa baharini anayewasha. Ni kweli hutokea, lakini tahadhari na maelezo. Kasa wa kijani akikua hula zaidi majani ya bahari, na ng'amba hula sifongo za kwenye matumbawe. Anayetegemea konyeza hasa ni yule mkubwa mwenye mgongo wa ngozi, ambaye huenda watoto wako wasimwone maishani. Na mfuko wa plastiki mikononi mwa mtoto wa miaka minne sitaki kuuona.

Sasa picha. Ziacheni. Mwalimu mmoja wa elimu ya mazingira wa Marekani, David Sobel, ana hoja ninayoikubali: mtoto mdogo akipewa misiba ya dunia kabla hajapewa nafasi ya kuipenda, hujenga hofu na kuikimbia. Ila niongeze jambo, kwa sababu wataalamu wa ng'ambo humfikiria mtoto wa mjini. Mtoto wako wa diko anaona samaki wakipasuliwa kila asubuhi, damu haimshtui. Kinachomdhuru kwenye picha ya kasa aliyechinjwa ni kuonyeshwa jambo asiloweza kulifanyia chochote, na pengine kuijua sura ya mtu aliyeshika kisu. Akikuuliza kama watu huua kasa, mjibu ukweli kwa sentensi fupi, kisha mrudishe kwenye kitu anachoweza kufanya.

Kuna habari moja ya kifo ambayo siwezi kukuambia uifiche, lakini mahali pake ni mlangoni, kwa wazazi. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu, na kuipika hakuiondoi. Pemba mwaka 2021 walikufa watu saba baada ya kuila, na mwaka 2024, kule kule Pemba, walikufa tisa, wanane kati yao watoto. Dawa ya kuizima sumu hiyo haijulikani. Bango moja la wakubwa, herufi kubwa, pamoja na agizo la kukimbilia kituo cha afya mara moja kwa aliyekwisha kula. Kwa watoto inatosha "kasa haliwi", iliyosemwa kwa sauti ile ile unayosemea "jiko ni moto".

Beseni la vifaranga hai ningelikataa bila kujadili. Kifaranga hutoka mchangani akiwa na akiba kidogo ya kiini cha yai, na kazi ya akiba hiyo ni kumwogelesha mfululizo, usiku na mchana, mpaka afike maji makuu. Ukimweka kwenye beseni ataogelea hivyo hivyo, akigonga ukuta, mpaka akiba iishe. Ukimwachia kesho yake unaachia kiumbe aliyekwisha kuchoka. Kisheria pia kasa wote wanalindwa, na kumweka, hata gamba lake kavu lililorithiwa kwa babu, kunataka kibali. Zungumza na ofisi ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia kabla hujapokea mfupa wowote kutoka kwa mwanakijiji mwenye nia njema.

Televisheni ina faida moja: inaonyesha yasiyoonekana, kama mayai yakidondoka shimoni. Kwa dakika tatu hizo azimeni projekta ya shule mara moja kwa muhula. Mkinunua televisheni itameza karibu nusu ya fedha, hewa ya chumvi itaila, na siku umeme upo watoto watakaa chini kuitazama huku sanduku la mchanga limelala.

Kabla hujamwita seremala, jenga kila kitu kwa maboksi. Chukua watoto watano, waingize, kaa kimya. Kukaa kimya ndiyo sehemu ngumu kwa mwalimu, naijua. Tazama mikono inafanya nini ndani ya sekunde kumi za kwanza, kwa sababu hicho ndicho itakachofanya miaka mitatu ijayo. Wakitoka usiwaulize wamejifunza nini; watakupa jibu la darasani. Waulize, "Ulifanya nini mle ndani?" Mtoto akikuambia "nilishindwa kuchimba" au "nilizima taa, akaenda baharini", meza imefaulu. Akisema "nilicheza", ibadilishe.

Seremala akija, mpe vipimo hivi: kimo cha meza kisizidi sentimita 58, isipokuwa moja iliyo juu zaidi, yenye nafasi ya magoti ya sentimita 70 chini yake kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, hakuna mwanya kati ya milimita 8 na 25 popote mbao zinaposogea, kwani humo ndimo vidole hunasa, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, rangi iwe isiyo na risasi. Watoto kumi na wawili kwa zamu, si darasa zima.

Mambo matatu usiyamalize kwa kusoma majibu yangu. Swichi ya kona ya giza ifungwe na fundi umeme mwenye leseni, tena iwe ya volti 12, kwa sababu itashikwa na mikono yenye mchanga na jasho. Paa na kuta zikaguliwe na mtu wa halmashauri, maana chumba kilichokuwa stoo hujui kina nini. Na ukiona mtoto ambaye kila akikaribia giza au soksi analia na kujikunja, usimlazimishe na usiseme ana deko. Zungumza na mzazi, na ikiendelea mumwone mtaalamu wa watoto wenye mahitaji maalumu.

Vifaranga wa kisiwa cha Juani, huko huko Mafia, huanza kutoka kwa wingi kuanzia Juni, na shirika la uhifadhi la Sea Sense pamoja na wanakijiji huwapeleka wageni kuwaona wakishuka baharini. Ukianza maboksi Machi, Juni utaweza kuwapeleka watoto wako kuona kile walichokifanya kwa tumbo kwenye mkeka. Nitumie picha za maboksi kabla hujayatupa, hata kama yamechanika. Yaliyochanika ndiyo nitakayoyatazama kwanza.